Kabla ya Laptopu Walikuwepo Bibi wa Maiti: Historia ya Kazi ya Koda Unayoiona TikTok

Ile video umeshaiona. Dada kakaa sebuleni kwake na dera, chai pembeni, skrini mbili mezani, na maandishi yanapita juu ya kichwa chake: fanya kazi nyumbani kwa ajili ya hospitali za Marekani, si lazima uwe daktari wala nesi, miezi michache tu cheti mkononi. Chini yake watu wamejaa na swali moja tu. Naanzaje?

Swali ni zuri. Tatizo ni kwamba jibu lake limefichwa kwenye historia ya hii kazi, na wauza kozi hawana muda wa kuisimulia. Wangeisimulia, wateja wangepungua.

Kazi yenyewe ni kuweka misimbo ya hospitali, na anayeifanya anaitwa koda. Usichanganye na kodi ya nyumba wala ile ya TRA. Mgonjwa akitibiwa Marekani, daktari anaandika maelezo yake. Koda anayasoma maelezo hayo na kila ugonjwa, kila jeraha na kila huduma anaigeuza kuwa msimbo wa herufi na tarakimu. Misimbo ndiyo inayokwenda kwa watu wa bima, na wao wanalipa kwa kuangalia hiyo misimbo. Daktari anaweza kuwa amefanya kazi ya maajabu, lakini kama haikuandikwa na kupewa msimbo, hela haitoki.

Chukua mtu aliyeteleza bafuni akavunjika mkono karibu na kiganja. S52.501A maana yake ni mvunjiko wa mfupa huo kwenye mkono wa kulia, haujatoboa ngozi, na mgonjwa bado yuko kwenye matibabu ya mwanzo. Badilisha ile 1 ya mwisho iwe 2, mkono umehamia kushoto. Badilisha A iwe D, sasa mgonjwa yuko kwenye awamu ya kupona, amerudi kuangaliwa tu. Tarakimu moja ukiiandika vibaya, bima inakuuliza mbona mkono uliopigwa picha sio uliofungwa plasta.

Wengi wanadhani kazi hii imezaliwa na intaneti. Wapi. Waanzilishi wake walikuwa vikongwe wa London, na wengi wao kalamu hawakuwahi kuishika.

Miaka ya 1600 London ilikuwa inaliwa na tauni mara kwa mara. Wakubwa wa mji, na matajiri wenye sehemu za kukimbilia huko mashambani, walitaka kujua mapema tauni imefika mtaa gani. Kwa hiyo kila parokia ikaajiri akina mama watu wazima, mara nyingi wajane maskini waliokuwa tayari wanaishi kwa msaada wa kanisa. Mtu akifa, wao wanakwenda nyumbani kwa marehemu, wanaukagua mwili, wanawauliza ndugu, halafu wanaenda kumwambia karani wa parokia amekufa na nini. Karani anaandika. Kila juma hesabu za parokia zote zinakusanywa, zinachapwa kwenye karatasi na kuuzwa mitaani. Watu waliinunua ile karatasi kama leo unavyofungua simu asubuhi kuangalia nani kaachana na nani.

Hawa bibi walilipwa kwa kila maiti. Wakati wa tauni walitembea na fimbo mkononi ili watu wawaone mapema na kuwapisha njia, maana aliyetoka kushika mwili wa mgonjwa wa tauni nani atamkaribia? Katika juma moja tu la Agosti 1665, kuanzia tarehe 15 hadi 22, karatasi ile ilihesabu vifo 3,880 vya tauni. Kwenye orodha hiyo hiyo kuna watu waliokufa kwa "meno", yaani watoto waliofariki umri wa kuota meno. Kuna waliokufa kwa hofu. Kuna waliokufa kwa huzuni. Miaka ya nyuma yake kidogo kuna hadi waliopigwa na sayari. Cheka, lakini hiyo ndiyo orodha ya kwanza kubwa iliyojaribu kumwekea kila mgonjwa jina moja la kuhesabika.

Mtu aliyeupa umuhimu mzigo ule wa karatasi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na vikorokoro vya cherehani, John Graunt. Mwaka 1662 alitoa kitabu ambacho wataalamu wa takwimu mpaka leo wanakitaja kama mwanzo wa fani yao. Humo ndani aliandika pia umbea mtamu sana. Alilalamika kwamba bibi wakaguzi, wakishapewa bia na malipo mara mbili ya kawaida, hawaoni tena kaswende. Marehemu alikuwa amekonda tu, maskini. Familia inapona aibu, bibi anaondoka na hela yake. Yaani ile chai tunayoijua ilikuwepo, ila yao ilikuwa ya kimea. Na ni udanganyifu ule ule ambao miaka 300 baadaye Marekani ingewatafuta watu kwa kuutenda: kuandika ugonjwa usiokuwepo kwa sababu unaolipa ni huo.

Graunt jina lake liko kwenye vitabu. Wale bibi majina yao, yale yaliyoandikwa, yamebaki kwenye madaftari ya matumizi ya parokia, pembeni ya bei ya mishumaa.

Kutoka hapo historia inakwenda mbio na inakuwa ya mabwana wenye ndevu. Mwaka 1837 Uingereza ilianza kusajili vifo kiserikali, na William Farr akapewa kazi ya kuyaelewa yale makaratasi. Malalamiko yake makubwa yalikuwa rahisi: ugonjwa mmoja una majina matatu au manne, na jina moja linabeba magonjwa kadhaa, sasa utahesabu nini? Mwaka 1855 mkutano wa Paris ukakubali orodha yenye vichwa 139. Mwaka 1893 huko Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, akaleta orodha mpya ambayo toleo lake refu lilikuwa na vichwa 161. Huyu Jacques ana mdogo wake, Alphonse, yule aliyewafanya polisi wawe wanapima vichwa vya wahalifu na kuwapiga picha ya mbele na ya ubavu. Familia moja, mmoja anapanga maiti, mwingine anapanga wezi. Kuanzia 1900 nchi zikakubaliana kuirekebisha orodha ya kaka mtu kila baada ya muda, na 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua na kuongeza kitu kikubwa: sasa misimbo haikuwa ya waliokufa peke yao. Wagonjwa walio hai nao wakaingia. Orodha hii ndiyo inayoitwa ICD, na ya kimataifa sasa hivi ni toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022.

Tanzania nayo imo. Kuanzia 1992 kulikuwa na mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, kwa sababu wengi walikuwa wanafia nyumbani bila daktari kuandika chochote. Wahudumu walikwenda kwa wafiwa, wakakaa nao, wakauliza: alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba, alipungua? Madaktari wakazisoma fomu zile na kukadiria chanzo kwa kutumia ICD. Kazi ya bibi wa London, safari hii kwa dodoso na kwa adabu zaidi.

Lakini kazi unayoiona TikTok ni ya Marekani hasa, na mahali ilipokulia ni chumba cha mafaili cha hospitali, mara nyingi chini kabisa ya jengo, karibu na mabomba. Mwaka 1928 wanawake waliokuwa wanatunza mafaili hayo waliunda chama chao huko Boston, na rais wao wa kwanza akawa Grace Whiting Myers, aliyekuwa mtunza maktaba wa hospitali kubwa ya mji huo. Hao tunamjua mmoja. Wenzake wengi, walei kwa watawa, walikuwa wanapanga, wanatafuta na kuandika, na hakuna aliyepita kuwaambia asante, kwa sababu kwa muda mrefu kazi yao haikuleta hela. Ilikuwa kwa ajili ya kumbukumbu na utafiti. Daktari akitaka kujua wagonjwa wote wa kidole tumbo wa mwaka fulani, anamshukia dada wa mafaili.

Jinsi walivyofundishana ndipo ilipo siri nzima ya hadithi hii. Shule zilikuwepo tangu miaka ya 1930, lakini kazi yenyewe mtu aliijulia pale chumbani. Mgeni alikaa ubavuni mwa mkongwe. Akikwama na mwandiko wa daktari (na unajua mwandiko wa madaktari), anainua kichwa na kuuliza. Mkongwe anajua kwamba daktari wa zamu ya usiku akiandika hivi anamaanisha vile. Wakishindwa wote wawili, wanapanda ngazi kumfuata daktari mwenyewe koridoni. Ulikuwa uanagenzi kama wa gereji au wa saluni, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Halafu hela ikaja.

Mwaka 1965 Marekani ilipitisha sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Mwaka uliofuata chama cha madaktari kikatoa kitabu chake cha misimbo ya huduma, CPT, kinachoeleza daktari amefanya nini, wakati ICD inaeleza mgonjwa ana nini. Mwanzoni Medicare iliilipa hospitali gharama zilizotumika, kwa hiyo hospitali haikuwa na haraka ya kumtoa mtu. Bili zikapaa. Kuanzia Oktoba 1983 mchezo ukabadilishwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wameshabuni namna ya kuwagawa wagonjwa waliolazwa katika makundi mia nne na ushee, na kila kundi sasa likapewa bei yake. Ukilazwa kwa nimonia, hospitali inapata bei ya nimonia, ukae siku 4 au 11. Nimonia yenye matatizo mengine juu yake ni kundi jingine na bei nyingine.

Sasa nani anaamua mgonjwa ni wa kundi gani? Misimbo. Nani anaweka misimbo? Dada wa chini kule karibu na mabomba.

Ghafla anajulikana. Wakurugenzi ambao hawakuwahi kushuka zile ngazi wakaanza kushuka. Na hapo hapo kishawishi cha yule bibi wa London kikarudi kikiwa kimevaa suti: ongeza tatizo moja kwenye faili, bei inapanda. Serikali iliwawinda wadanganyifu kwa sheria ya zamani ya 1863, iliyotungwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wafanyabiashara waliokuwa wanaliuzia jeshi vitu feki. Ukibanwa na sheria ile unaweza kurudisha hela mara 3 ya ulichoiba, na faini juu. Ndiyo maana makampuni ya misimbo yana wakaguzi, na ndiyo maana kiwango kinachodaiwa mara nyingi ni usahihi wa asilimia 95. Shuleni 95 unapewa zawadi. Huku 95 ndiyo chini kabisa, ukishuka hapo unaitwa.

Hii ya kufanya nyumbani nayo ilianza zamani kuliko unavyofikiri. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni moja ya bima ya afya South Carolina ilianza kuwapa akina mama fomu za madai wakazishughulikie nyumbani kwao, baadaye na mashine wakafungiwa huko huko. Walilipwa kwa idadi ya walichomaliza. Likizo hakuna, marupurupu ya ofisini hakuna. Magazeti yaliipenda sana ile habari: mama anapika, mtoto amelala, mashine inalia ti ti ti, maendeleo hayo! Vyama vya wafanyakazi havikucheka. Walikuwa wanakumbuka akina mama wa zamani walioshona nguo vyumbani kwa malipo ya kipande, na mwaka 1983 shirikisho kubwa la vyama hivyo, AFL-CIO, lilitaka kazi za kompyuta za nyumbani zipigwe marufuku kabisa. Miaka michache baadaye wanawake 8 waliokuwa wanashughulikia madai ya bima wakiwa nyumbani, huko Sacramento, California, waliishtaki kampuni iliyokuwa inawapa kazi. Hoja yao: kuitwa watu wa kujitegemea kulikuwa ujanja wa kuwanyima stahili za mfanyakazi, wakati kiwango cha kazi cha kila siku walipangiwa kama wafanyakazi.

Marufuku haikupita. Na kusema kweli ni vizuri haikupita, kwa sababu mwenye mtoto mdogo au mguu mbovu angefungiwa nje moja kwa moja. Ila wale wanawake 8 waliyoyasema yanasemeka leo bila kubadilisha neno, na ukiangalia video zile za dera na chai hayasemwi.

Kilichowachelewesha makoda wenyewe kuhamia nyumbani kilikuwa karatasi. Faili lina kilo zake, na huwezi kuondoka na siri za watu kwenye mfuko wa rambo. Sheria ya HIPAA ya 1996, ambayo kanuni zake za siri za mgonjwa zilianza kubana 2003, ilieleza nani anaruhusiwa kuona nini. Halafu 2009 serikali ikamwaga hela hospitali ziingize mafaili kwenye kompyuta. Faili likishakuwa ndani ya kompyuta, koda anaweza kuwa popote penye intaneti salama, mradi chumba kina mlango unaofungwa na shemeji hapiti nyuma ya skrini.

Tarehe 1 Oktoba 2015 ndiyo siku ambayo kila koda wa Marekani anaikumbuka. Nchi iliachana na toleo la 9 la ICD na kuingia la 10, baada ya kuahirisha kutoka 2013 hadi 2014, na kutoka 2014 hadi 2015. Dunia nyingine ilishahamia zamani, Shirika la Afya lilikuwa limeipitisha tangu 1990. Wamarekani wakajitengenezea toleo lao, na misimbo ya magonjwa ikaruka kutoka kama 14,000 hadi kama 70,000. Humo ndimo mtandao ulipopata burudani ya mwaka mzima. W61.62 ni kugongwa na bata. V97.33XD ni mtu aliyefyonzwa na injini ya ndege, na ile D, kama ulivyoiona pale juu, ina maana sasa anaendelea kupona, kwa hiyo bwana huyo alinusurika na amekuja kliniki kuangaliwa. Z63.1 ni matatizo na wakwe. Hiyo ya mwisho kuna watu wangeipata kila Desemba.

Vichekesho vilikuwa vichache ukilinganisha na kazi. Sehemu kubwa ya ongezeko lile ni kulia na kushoto, mara ya kwanza na ya kurudi, kisukari cha aina gani na kimeharibu nini. Mkongwe wa miaka 30 aliyekuwa ameshika misimbo yote kichwani akarudi darasani sawa na mgeni. Halafu ikaja 2020. Aprili 1 Marekani ikaanza kutumia U07.1, msimbo wa korona, na kufikia hapo ofisi nyingi zilikuwa zimeshafungwa. Waliokuwa bado chini kule karibu na mabomba wakabeba skrini zao kwenda nyumbani. Wengi hawakurudi tena, na vile vyumba vikapewa kazi nyingine.

Watu wanalisimulia hili kama ushindi, na kwa mwenye uzoefu ni ushindi kweli. Hana foleni ya barabarani, hana bosi wa kumchungulia, analala hadi saa moja. Kwa anayeanza ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ule ubavu wa mkongwe umeondoka na chumba.

Angalia cheti chenyewe. Kinachotafutwa zaidi na wanaoanza kinaitwa CPC, kinatolewa na chama kilichoanzishwa 1988. Mtihani wake una maswali 100, saa 4, na unatakiwa upate asilimia 70. Unaruhusiwa kuingia na vitabu vya misimbo, ila usijidanganye, vitabu vile ni vinene na saa 4 ni fupi. Ukifaulu bila uzoefu unapewa CPC-A, na ile A ni ya mwanagenzi. Ili itoke unapeleka uthibitisho wa miaka 2 ya kazi, au unapunguza kwa masomo ya ziada yanayohesabika kama sehemu ya muda huo. Sasa fungua matangazo ya kazi za kufanyia nyumbani. Miaka 2 ya uzoefu. Miaka 3 ya uzoefu. A isiwepo. Cheti kinasema wewe ni mwanagenzi, na anayeajiri anasema wanagenzi hawachukui. Ukiongeza kwamba matangazo mengi yanataka mtu anayeishi Marekani, yule anayeuliza "naanzaje" kutoka Mbagala au Kayole anazidi kuwa mbali na mlango, hata kama amelipia kozi.

Ni rahisi kusema waajiri wana roho mbaya. Lakini chukua kosa moja tu la kawaida la mgeni. Mgonjwa wa kliniki amekuja anakohoa na homa, daktari ameandika "huenda ni nimonia". Mgeni anaandika nimonia. Kakosea: kwa mgonjwa wa nje hauruhusiwi kuandika ugonjwa wa "huenda", unaandika kikohozi na homa, basi. Lakini huyo huyo mgonjwa angekuwa amelazwa hospitalini, na siku anaruhusiwa daktari bado ameandika "huenda ni nimonia", hapo kanuni inasema iandike kama vile anayo. Neno moja, majibu mawili kinyume. Zamani mgeni angeinua kichwa na kuuliza, sekunde 10 yamekwisha. Akiwa peke yake sebuleni hajui hata kwamba kuna swali la kuuliza. Atakuja kulijua mwezi unaofuata kwenye ripoti ya mkaguzi, na pengine baada ya faili 200 zenye kosa lile lile. Anayeajiri ameipiga hiyo hesabu na kuona ni nafuu amchukue aliyekosea kwa mwingine.

Ngazi za chini nazo zinaliwa kutoka pande mbili. Kazi nyingi za misimbo zimehamia India na Ufilipino, ambako, angalia kichekesho, makampuni yanaweka wanagenzi kwenye ukumbi mmoja na msimamizi anapita katikati ya meza. Yaani kile chumba cha chini cha Boston bado kipo, kimehamia Chennai. Upande wa pili ni programu zinazosoma maelezo ya daktari na kupendekeza misimbo zenyewe. Zinaanzia kwenye mafaili mepesi, kama picha za X-ray na vitu vya kujirudiarudia, yale yale ambayo mgeni alikuwa anapewa kujifunzia. Mafaili magumu bado yanahitaji binadamu, ila binadamu huyo alipataje kuwa mzuri kwenye magumu kama mepesi hakuyapitia? Hakuna anayeuza kozi mwenye jibu la hilo.

Wanaofanikiwa kuingia, ukiwafuatilia vizuri, wengi hawakuingilia mtandaoni. Waliingilia mlango wa mbele wa jengo. Kuna dada wa mapokezi wa kliniki ndogo ambaye mwaka mzima anapokea simu na kukagua kadi za bima, halafu anahamishiwa dawati la madai yaliyokataliwa, kazi ambayo watu wanaikimbia. Hapo ndipo anaona misimbo kwa upande wake wa nyuma, jinsi inavyokufa na inakufa kwa nini. Kuna nesi msaidizi aliyechoka mgongo, wakiwemo wengi wa Afrika Mashariki wanaolea wazee kule Minnesota na Texas, ambaye faida yake ni kwamba majina ya magonjwa ameshayazoea masikioni. Anaanza na mshahara mdogo, kwenye kiti kibovu, na koda mmoja mwenye umri wa mama yake amekaa meza ya pili anakula karanga. Miezi inapita, anauliza maswali mpaka anajisikia aibu. Siku yule mama anapoomba kuhamishia kazi nyumbani, faili zake za ofisini zinabaki mezani, na bosi anatazama ni nani yuko karibu.